Mdomo Mmoja Haukuitika

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa pua? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nasikia watu. Sogeeni. Na nyinyi wakubwa, acheni maongezi yenu ya pembeni, maana hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto. Watoto nao wasiniulize kama kuna kucheka. Kucheka kupo, kidogo. Kulia kupo zaidi.

Zamani, zile zamani ambazo hata babu wa babu alizisikia tu, wanyama walikuwa wakisema kama tusemavyo. Palikuwa na mto, ukiitwa Kivumbi. Masika ulijaa pomoni, gogo na mizizi yake likipita linaelea. Kiangazi ukikauka, kau! Ukabaki mchanga mtupu, na upepo ukipita ni vumbi, ndiyo maana ya jina lake.

Kando ya mto huo aliishi Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Ni yule swala mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti, macho makubwa. Mumewe alichukuliwa na chui, akamwachia mabinti wawili, Chausiku na Riziki. Hakuwa na ndugu wenye nguvu. Hakuwa na pembe za kutisha mtu. Alikuwa na watoto wale wawili, basi.

Kiangazi kilipoingia, kila mnyama alitazama njia ya mlimani. Kwa nini? Kwa sababu huko ndiko alikotokea Bwana Ndovu. Puu! Puu! Puu! Anashuka, ardhi inatikisika. Na hapa nisikilizeni vizuri, msije mkamwonea. Ndovu hakuwa mbaya. Ndovu alikuwa na moyo wa kutoa. Alijaliwa meno marefu na nguvu nyingi, akaona si haki anywe peke yake wenzake wafe kwa kiu. Basi alikuja mpaka pale mto unapopinda, akachimba. Chaku! Chaku! Chaku! Mchanga huku, mchanga kule. Alichimba mpaka mkonga wake wote ukaingia, ndipo maji yakaonekana, meusi, baridi, matamu.

Hakumuuliza mtu achimbe wapi. Hakuuliza achimbe vipi. Alipima kwa mkonga wake mwenyewe, na mkonga ukifika, kisima kimekwisha.

Na bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kisima kikikamilika, Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, alipanda juu ya tawi. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga mbiu. Akaita, "Mmepokeaaa?" Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wakapiga magoti, macho chini, wakajibu, "Tumepokea!" Mara tatu. Midomo yote. Ukikosa mdomo mmoja tu, zawadi haijapokelewa, na zawadi isiyopokelewa lazima ifukiwe, hata kama watu ndimi zimewatoka nje kwa kiu. Na ukishasema umepokea, umemaliza. Kuisema tena ile zawadi, kwamba ina kasoro hii au imepungukiwa na kile, ilikuwa ni aibu, sawa na kumtemea mtoaji mate usoni. Nani aliiweka desturi hiyo? Hakuna aliyejua. Waliikuta, wakaifuata. Hata Ndovu mwenyewe aliikuta.

Basi Ndovu akisikia "tumepokea" ya tatu, alimnywesha Hondohondo kwa ncha ya mkonga, akatikisa masikio kwa furaha, akashika njia yake kwenda kuchimba kwingine. Hakukaa kuona nani anakunywa. Nao waliobaki? Pundamilia alipiga magoti, akanyoosha shingo, akafikia kwa taabu. Wadogo walilamba mchanga pale wakubwa walipodondosha matone. Lamba, lamba, lamba. Huko ndiko kulikokuwa kunywa kwao.

Mwaka mmoja, Chausiku alichoka kulamba mchanga. Alisogea ukingoni achungulie tu. Mchanga ukateleza chini ya kwato zake. Chubwi!

Kuta za kisima zilikuwa zimesimama wima. Bi Digidigi alizunguka ukingo, akazunguka, akazunguka. "Mwanangu! Jamani, mwanangu!" Pundamilia alishusha shingo, haikufika. Ngiri, yule nguruwe wa porini, akajaribu kuubomoa ukingo kwa meno yake, mchanga ukaanza kumfukia mtoto, ikabidi aache. Ndovu alikuwa keshavuka kilima. Ile sauti ya chini ikawa ndogo, ikawa ndogo, mwisho ikanyamaza.

Siku tatu baadaye Ndovu alirudi. Akaona watu hawakisogelei kile kisima, akadhani kimekauka. Maskini, akafanya haraka kuchimba kingine jirani yake. Hondohondo akaita, "Mmepokeaaa?" Bi Digidigi akafumbua mdomo aseme yaliyompata. Ngiri akamnong'oneza, "Dada yangu, nakuomba. Usitutie aibu. Atakasirika aondoke, tufe sote." Bi Digidigi akapiga magoti. Akasema amepokea. Mara tatu, kwa mdomo ule ule uliokuwa ukimwita mwanawe.

Mnaguna? Nani anasema yeye angekataa? Wewe? Wewe unamwogopa hata shangazi yako akikupakulia ugali mbichi.

Jambo lile lilimkaa Bi Digidigi rohoni. Mchana alikuwa akila majani na Riziki, ghafla anaacha kutafuna. "Mama, una nini?" "Sina kitu, mwanangu." Lakini alikuwa nacho. Si kifo tu kilichomuuma. Kifo humfika kila mtu. Kilichomuuma ni kwamba alishukuru.

Mwaka uliofuata masika hayakunyesha. Mto haukupita hata siku moja. Majani yakakauka, miiba ikabaki, na visima vya mwaka wa jana vikabaki vile vile vimeachama, havina tone. Kiangazi kikaunganika na kiangazi. Midomo ya Riziki ikapasuka. Akitembea hatua kumi anakaa, na macho yakaanza kuingia ndani. Bi Digidigi akamtazama akajua: maji yakikosekana siku mbili tatu, huyu naye anakwenda.

Ndipo wakasikia. Puu! Puu! Puu!

"Anakuja! Bwana Ndovu anakuja!" Bonde zima likachangamka. Ndovu mwenyewe alikuwa amekonda, ngozi imemlegea, lakini alikuja. Tangu alfajiri alichimba pale pale mto unapopinda. Chaku! Chaku! Chaku! Safari hii maji yalikuwa mbali zaidi. Alipiga magoti, akachimba amepiga magoti, mpaka kijipande cha jino lake kikakatika. Jua lilipopanda, maji yakatokea huko chini kabisa. Hata Pundamilia alipochungulia, uso ulimshuka.

Hondohondo akaruka juu ya tawi, mabawa yanavuma, vuu vuu vuu. "Mmepokeaaa?"

"Tumepokea!"

Hondohondo akainamisha kichwa. Alikuwa na sikio yule ndege, msimwone hivi. "Kuna mdomo haukuitika," akasema. "Mmepokeaaa?"

"Tumepokea!"

"Kuna mdomo mmoja haukuitika!"

Wanyama wakatazamana. Kila mmoja akamkagua jirani yake. Ngiri akageuza shingo, akamwona Bi Digidigi amepiga magoti, Riziki amelala ubavuni pake, na midomo yake ameifunga. "Wewe!" akasema kwa sauti ya chini. "Sema! Sema tu, ni neno moja. Mtoto wako mwenyewe anakufa kwa kiu!"

"Ndiyo maana sisemi," akajibu Bi Digidigi.

Akainuka. Akasimama peke yake katikati ya wote waliopiga magoti, na hata akiwa amesimama hakuwazidi kimo.

"Bwana Ndovu," akasema, "shikamoo. Mimi sijapokea."

Lo! Ndovu akatafuta sauti imetoka wapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akatazama chini.

"Hujapokea? Kisima si hicho?"

"Kipo, baba. Nakiona. Lakini maji yako siwezi kuyanywa. Si mimi, si mwanangu. Mwaka jana hatukuweza, na mwaka juzi hatukuweza. Tulisema tumepokea."

Ndovu aliumia. Msidhani mkubwa haumii. "Tangu alfajiri nachimba," akasema polepole. "Jino langu limekatika. Nimeacha ndugu zangu huko mlimani nao wana kiu, nikasema niwawahi nyinyi kwanza. Na wewe unasimama mbele yangu, unaniambia hujapokea?"

"Baba, sikutukani."

"Umenitukana."

"Bwana Mkubwa, huyo hana akili, msamehe!" Hondohondo akadakia. "Wengine wote wamefurahi! Wamefurahi mno!"

Lakini desturi ni desturi. Ndovu akageuka, akaweka mguu juu ya ule mchanga alioutoa, akausukuma. Shaaa! Ukaanguka kisimani. Akasukuma tena. Shaaa! Wanyama walikuwa wanatazama, ndimi nje, maji yanafukiwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyethubutu kusema acha. Eti ni adabu! Walikuwa tayari kufa kwa kiu, mradi wasikose adabu. Mchanga ulipokuwa sawa na ukingo, Ndovu akawapa kisogo, akaenda zake. Puu, puu, puu. Hakwenda mbali. Alisimama kwenye kivuli cha migunga kule juu ya mto, mgongo kwao.

Hapo ndipo Bi Digidigi alipokiona cha moto.

"Umetuua!" Ngiri alifoka. "Umetuua kwa mdomo wako!" Pundamilia akapiga kwato chini. Wengine wakamzunguka, na duara likaanza kubana. Bi Digidigi akasimama juu ya Riziki, miguu yake minne kama uzio, akangoja pigo. Alitaka kulia, machozi hayakuwepo, mwili haukuwa na maji hata ya hayo. Akajiuliza moyoni, nimefanya nini? Neno moja tu, na mtoto angelamba walau mchanga.

"Hata mimi," ikasikika sauti.

Nani? Wakatazama. Ni Kobe, mzee kuliko wote, ndiyo kwanza anafika kwenye duara. Wakati wenzake wanamzunguka Digidigi, yeye alikuwa bado anatembea kuja kumzunguka.

"Hata mimi sijapokea," Kobe akasema. "Tangu baba yake huyu Ndovu. Mimi maji ya kisimani sijayaonja maishani mwangu. Nimesema tumepokea kila kiangazi, na sikujua kama kuna mwingine. Nilidhani ni ubaya wa shingo yangu."

Pundamilia akatazama pembeni. "Mimi nafikia," akasema, "lakini nikiwa nimepiga magoti simba akija siwezi kuinuka. Dada yangu alichukuliwa hivyo hivyo, mdomo ukiwa majini."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Si nilipokea?"

Mmoja akasema lake, na mwingine lake. Ikawa kama mtu ametoa kizibo. Wakabaki wanamtazama Ngiri, maana yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele zaidi. Ngiri akachimbua mchanga kwa pua, akachimbua, akachimbua. "Shingo yangu mnaiona," akasema mwisho. "Inafika wapi? Haifiki popote." Akamgeukia Bi Digidigi. "Dada, mwaka jana mimi ndiye niliyekunyamazisha. Nilikuwa nanyamazisha na nafsi yangu."

Hapo wakaanza kusemezana, na msidhani walisemezana vizuri. Walipayuka! Pundamilia alitaka kisima kipana. Ngiri alitaka tope, kisima hata hakukijali. Kobe alikuwa bado anaeleza habari za baba yake Ndovu. Jua linachoma, na Riziki amefumba macho.

"Jamani!" Bi Digidigi akalia. "Kila mtu aseme jambo moja. Anahitaji nini ili maji yafike mdomoni mwake. Jambo moja tu, na wengine wasikie."

Wakasema, mmoja mmoja, mpaka zamu ikamfikia Mhanga. Huyu ni yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu, hupenda giza, mchana kumwona ni nadra. Kiu ndiyo iliyomtoa, anapepesa macho kwa mwanga. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Mimi huchimba mlalo," akasema Mhanga kwa aibu. "Shimo la kuteremka polepole. Kwa sababu nikiingia nataka na kutoka."

Wakatazamana.

"Tena hapo kwenye kona si pazuri. Maji yako mbali. Yako karibu kule, penye mawe meupe, nayanusa kila siku. Ila juu yake pana mwamba mwembamba. Kucha zangu haziuwezi. Meno ya Ndovu yangeuweza."

Basi wakaelewa wanataka nini, na wakaelewa kwamba bila Ndovu hawawezi. Hondohondo, aliyekuwa kimya muda wote ule, akakohoa. "Nitakwenda niwasemee. Mimi najua kuongea naye."

"Hapana," akasema Kobe. "Umetusemea sana. Leo tunakwenda na miguu yetu."

Wakaondoka wote. Ngiri akainama, akasema, "Nipandishieni mtoto," akambeba Riziki mgongoni, kichwa chake kinaning'inia. Na walimngoja Kobe. Kiu yote ile, na walimngoja.

Ndovu akawasikia wanakuja. Hakugeuka. "Mmekuja kuomba radhi," akasema.

Hawakupiga magoti. Bi Digidigi akatangulia. "Tumekuja kusema nawe, baba."

"Sema na mtu mwingine. Meno ni yangu, nguvu ni zangu. Nani wa kunifundisha kuchimba?"

"Meno ni yako. Lakini kiu ni yetu, na wewe huijui."

Ndovu akageuka kwa hasira, masikio yamesimama. Wote wakarudi nyuma hatua moja. Bi Digidigi hakurudi. Akamwambia, "Baba, kabla hujakasirika, njoo nikuonyeshe kitu. Si mbali. Ukishakiona, ukitaka kuondoka ondoka."

Sijui ni nini kilichomfanya Ndovu akubali. Labda ni kwa sababu yule aliyemwambia alikuwa mdogo sana. Akamfuata. Wakashuka mtoni, wakapita kile kisima kilichofukiwa, wakafika kwenye kisima cha kwanza cha mwaka jana. Kilikuwa kikavu. Jua la saa nane lilikuwa linaingia mpaka chini.

Ndovu akachungulia. Akashusha mkonga, polepole, mpaka ukagusa. Mnajua ndovu na mifupa? Ndovu akikuta mifupa haipiti hivi hivi. Huishika, huinusa, husimama nayo. Basi alishika kifupa kimoja chembamba, akakinusa muda mrefu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mwanangu. Anaitwa Chausiku."

"Alianguka lini?"

"Mwaka jana, siku ile uliyochimba. Ulikuwa ndiyo kwanza umevuka kilima."

Ndovu akahesabu kichwani. Unaona anahesabu. "Lakini mimi nilirudi. Siku tatu baadaye nilirudi. Nilichimba pale, na wote mlisema tumepokea."

"Hata mimi nilisema."

Ndovu akamtazama. "Mbona hamkuniambia?" Akawageukia wote. "Mbona hamkuniambia?"

Ngiri alitazama chini. Hondohondo alitazama upande mwingine kabisa. Ni Bi Digidigi aliyejibu, na hakujibu kwa ukali, alijibu kama mama anayemweleza mtoto.

"Ulituuliza kama tumepokea, baba. Hukuwahi kutuuliza kitu kingine."

Ndovu akakirudisha kile kifupa mahali pake, taratibu, kama kinaweza kuumia. Akasimama. Lile jitu zima likasimama bila kujua liweke wapi miguu yake. Halafu akasema neno ambalo bonde lile halikuwahi kulisikia kwa aliyekuja na zawadi. Akasema, "Nichimbe wapi?"

Wakampeleka penye mawe meupe. Mhanga akaonyesha kwa pua, "Hapa." Ndovu akapiga mwamba. Kwa! Kwa! Kwaaa! Ukapasuka. Kisha ikaanza kazi nyingine, ngumu kuliko ya mwamba, kazi ya kuambiwa. "Simama hapo, Bwana Ndovu, umekwenda chini mno." "Rudi kidogo." "Hapo paweke pana, Pundamilia anywe akiwa amesimama." Mara mbili Ndovu alishusha pumzi kwa kero, fuuu, vumbi likaruka. Mara mbili akarudi akafanya walivyosema. Mhanga alilainisha mteremko kwa kucha zake, Ngiri akatoa mchanga kwa pua, wengine wakaukanyaga ushikamane. Kila mnyama alishuka kujaribu, akapanda, akasema panamfaa au hapamfai. Kobe alijaribu wa mwisho, wote wakimtazama. Akashuka. Akageuka. Akapanda. "Panafaa," akasema, na mdomo wake ulikuwa umelowa.

Ngiri akamteremsha Riziki mpaka majini, akamlaza. Mtoto hakutikisika. Bi Digidigi akachovya pua yake, akamdondoshea midomoni. Tone. Tone. Tone. "Riziki. Riziki, mwanangu, mama yako hapa." Ndovu amesimama ukingoni, hapumui.

Ulimi ukatoka. Mdogo, mkavu, ukatoka, ukalamba. Ukalamba tena. Kisha shingo ikainuka kidogo, na Riziki akaweka mdomo wake majini mwenyewe, akanywa.

Bi Digidigi akaanguka chini, akalia. Sasa machozi yalikuwepo.

Asubuhi yake Hondohondo akapanda tawini, akajikohoza kama ada. Wanyama wakamtazama tu, mpaka akafunga mdomo, akashuka, akaenda kunywa kwa kuteremka kama wenzake. Na tangu hapo, kabla ya kiangazi kuingia, wanyama wa Kivumbi walikaa kikao. Kila mmoja alisema haja yake, wakakubaliana, na Ndovu alikuwemo kikaoni, na sauti yake ilikuwa moja, sawa na ya Kobe. Kuna mwaka alitaka kuwaangushia migunga wale maganda yake. Ndege wakasema hapana, tuna viota. Akaacha. Aliondoka na kinyongo kidogo, msiniulize, hata wema wana vinyongo vyao. Lakini aliacha.

Nimewahi mbele. Nirudi kwenye asubuhi ile.

Ndovu alimfuata Bi Digidigi, akasimama mbele yake. Tangu usiku alikuwa akifikiri. Alitaka kumfanyia Chausiku jambo kubwa. Alifikiri mlima wa mawe. Alifikiri ang'oe mti mzima auoteshe pale. Alikuwa tayari ameshika jiwe kwa mkonga. Akalitazama lile jiwe, kisha akaliweka chini.

"Mama Chausiku," akasema. Hakuna aliyemwita hivyo mwaka mzima. "Nikufanyie nini?"

Akangoja. Bi Digidigi alichelewa kujibu, alichelewa sana, na Ndovu hakumsaidia kujibu. Alingoja.

"Nataka shimo lile lifukiwe," akasema mwisho. "Lakini usilifukie wewe. Ukilifukia wewe litakwisha kwa mguu mmoja. Nataka tulifukie sote, kidogo kidogo, na kila atakayetia mchanga amtaje jina."

Ndivyo walivyofanya. Pundamilia kwa kwato, Ngiri kwa pua, Kobe kwa tumbo lake akisukuma chembe chache chembe chache. Riziki alisimama kwa miguu ambayo bado haikuwa na nguvu, akatia wa kwake. Ndovu alingoja zamu yake nyuma ya wote. Ilipofika, alichota mchanga kwa ncha ya mkonga, kiasi cha konzi moja tu, akaushusha polepole.

"Chausiku," akasema.

Na funzo lake nalisema waziwazi, asije mtu akasema hakuelewa. Unayetaka kumsaidia mwenzako, usimpimie shida yake kwa mkonga wako. Muulize, kaa umsikilize, amueni pamoja na mfanye pamoja, maana mwenye shida ndiye anayeijua. Na wewe unayesaidiwa, shukrani si kufunga mdomo. Kama msaada haukufiki, sema haukufiki, kabla hajaangukia mtu humo.

Hadithi yangu mimi imekaa chini hapa, haina tena pa kwenda. Inukeni mkalale.